Bomba la boila litoke nje, na libaki wazi

Yangambi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji wa utafiti wa kilimo uliokua chini ya taasisi ya INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, na nyumba za matofali za enzi za Wabelgiji bado zinakaliwa. Anayefunga boila ya umeme katika nyumba kama hizo kwa kawaida hufuata ufundi wa Ulaya: kwenye bomba la maji baridi, chini ya boila, hukaa kifaa kimoja chenye koki, vali inayozuia maji yasirudi nyuma, na vali ya usalama inayofunguka presha ikifika bari 7. Chini ya kifaa hicho kuna mdomo mdogo. Fundi ana kazi ya kuunganisha bomba kwenye mdomo huo na kulifikisha nje ya nyumba, na hapo ndipo wengi hukosea.

Maji yakipata moto hutanuka. Katika boila ya lita 100, maji yakipanda kutoka nyuzi 25 hadi 60 huongezeka kwa karibu lita moja na nusu. Hayawezi kurudi yalikotoka, kwa hiyo hupenya kwenye vali ya usalama na kudondoka. Matone hayo wakati boila inapasha ni dalili ya uzima. Lakini mwenye nyumba huona sakafu imelowa, na fundi asiyeelewa humwambia, “Papa, hii inavuja, tuizibe.” Kizibo kinafungwa, sakafu inakauka, na kuanzia siku hiyo familia inalala karibu na chombo kisicho na pa kupumulia.

Wengine hujitetea kwamba maji yao yanatoka kwenye tangi la juu ya paa, kwa hiyo presha ni ndogo. Ni kweli, mita 10 za kimo huleta bari moja tu. Lakini vali ya kuzuia maji yasirudi ikishajifunga, kimo cha tangi hakina tena msaada: presha ndani ya boila hupandishwa na moto wenyewe. Themostati ikikwama, jambo ambalo umeme wa kupanda na kushuka huweza kulileta, maji yaliyobanwa kwa bari 7 yanaweza kufika karibu nyuzi 170 bila kuchemka. Boila ikipasuka hapo, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maji hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ukuta wa matofali hauhimili hilo.

Basi bomba la kutoka kwenye vali hadi nje lipiteje? Lisiwe jembamba kuliko mdomo wa vali. Literemke njia nzima, bila kupanda tena mahali popote, kwa sababu penye kupanda maji hutuama na kutu huanza. Kona ziwe chache. Karibu na vali pawekwe faneli iliyo wazi, ili wenye nyumba waone maji yakitoka. Koki isiwekwe kamwe, si kwenye bomba hili wala kati ya boila na vali ya usalama.

Halafu kuna suala la PVC. Ni rahisi kupatikana na rahisi kuunganisha, lakini PVC ya kawaida huanza kulegea maji yanapokaribia nyuzi 60, yaani hushindwa siku ile ile inapohitajika. Tumia shaba, au chuma chenye zinki. Inasikitisha kwamba nchi inayochimba shaba nyingi kiasi hiki kule Katanga bado ina nyumba zenye bomba la usalama la plastiki.

Huko nje, mdomo uelekee chini, kama sentimita 10 juu ya ardhi. Usiwe juu ya mlango, njia, mita ya umeme, wala mahali mama anapoanikia au watoto wanapochezea: maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi vibaya kwa sekunde chache. Nyumba ya ghorofa ishushe bomba hadi chini badala ya kumwaga kutoka juu. Chini ya mdomo chimba shimo dogo, ulijaze kokoto, matone yazame. Dimbwi huzalisha mbu, na Yangambi malaria haihitaji msaada wetu.

Vitabu vya Ulaya huonya kuhusu barafu inayoziba bomba. Kwetu mwenye kuziba ni nyigu wa udongo, anayependa tundu kavu lililotulia. Kila mwezi vuta kishikizo cha vali, ukihakikisha hakuna mtu karibu na mdomo, uone maji yakitoka nje kwa nguvu. Yasipotoka, au yakitoka kidogo kidogo, zima boila na uite fundi.

Ukikuta kizibo au koki kwenye bomba hilo nyumbani kwako, zima umeme wa boila leo, na usiwashe tena mpaka kiondolewe.