Je, Wajua? Almasi Inayopitisha Umeme

Je, wajua kwamba almasi safi haipitishi umeme? Kila atomi ya kaboni ndani yake imekamatana na nyingine 4, wala hakuna elektroni iliyobaki huru kutembea. Joto, hata hivyo, hulipitisha takriban mara 5 zaidi ya shaba. Shika kibapa chembamba cha almasi kwa vidole, kigusishe kwenye barafu: kitazama humo kwa joto la mkono wako tu.

Je, wajua kwamba almasi ya buluu ina siri yake? Mwaka 1952 J. F. H. Custers alieleza aina ya almasi inayopitisha umeme. Sababu ni chembe za boroni, na boroni hiyohiyo ndiyo iliyoipa rangi almasi maarufu ya Hope, karati 45.52, iliyoko makumbusho ya Smithsonian jijini Washington.

Je, wajua kwamba almasi ya kutengenezea transista, yaani swichi ndogo za umeme, haichimbwi kwenye migodi kama Mwadui wala Kimberley? Hupikwa maabarani. Methani kidogo huchanganywa na haidrojeni nyingi, mawimbi ya maikrowevu huigeuza gesi hiyo kuwa plazma inayong'aa, kisha kaboni hujijenga taratibu juu ya kipande cha almasi kilichotangulizwa kama mbegu. Watafiti wa taasisi ya NIRIM, Tsukuba, Japani, walifanikiwa kwa njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Je, wajua jina la Hiroshi Kawarada? Linastahili kujulikana. Profesa huyu wa Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, alikabili tatizo lililowasumbua wengi: boroni ikiwa ndani ya almasi huiachia umeme kwa shida sana katika joto la kawaida. Yeye aligeukia juu, kwenye ngozi ya almasi. Mwaka 1989 Landstrass na Ravi walikuwa wameripoti kwamba almasi iliyofunikwa kwa haidrojeni hupitisha umeme usoni pake. Ngozi hiyo hunyang'anywa elektroni na utando mwembamba unaotoka hewani, na nafasi zinazoachwa wazi ndizo zinazobeba umeme. Wengine waliona ajabu. Kawarada aliona transista, na kufikia 1994 kundi lake lilikuwa limeitengeneza. Miaka 20 baadaye walionyesha transista za aina hiyo zikifanya kazi kwenye nyuzi 400 za Selsiasi. Silikoni ya kawaida hulemewa mapema zaidi, kwenye nyuzi 150 hivi. Huu ndio uvumilivu wa kisayansi ninaouheshimu kuliko uvumbuzi wa siku moja.

Je, wajua kwamba almasi huhimili pia mnururisho wa nyuklia? Kampuni ya Ookuma Diamond Device, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na taasisi ya AIST, inaunda vifaa vya almasi vya kutumika kwenye kinu kilichoharibika cha Fukushima Daiichi. Jina lake linatokana na Okuma, mji ambao wakazi wake wote walihamishwa Machi 2011 kwa sababu ya ajali ya kinu hicho.