Ruti kanali ya jino la utotoni: kweli au uongo?

Kuanzia Awendo, kwenye kiwanda cha sukari cha Sony, hadi mashamba ya miwa ya Ndhiwa, mtoto hatafuti kitu kitamu kwa mbali. Muwa, soda, chai ya sukari nyingi: vyote vipo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Wa kaunti hizi za Migori na Homa Bay wamo humo. Mzazi akiambiwa kwamba mizizi ya gego la mwanawe isafishwe, yaani ruti kanali, badala ya jino kung'olewa, maneno huanza, nyumbani hadi stejini. Tuyapime.

1. "Litang'oka tu lenyewe, ya nini kulihangaikia?"
UONGO. Gego la pili la utotoni hukaa mpaka mtoto afikishe miaka 10 hadi 12. Likitolewa akiwa na miaka 5, gego la ukubwani linaloota nyuma yake mwaka unaofuata husogea mbele na kuziba nafasi ya jino lililo chini bado. Wengine hutoa mfano wa wazee wa Kijaluo waliong'olewa meno sita ya chini kwa mila na wakaishi vyema. Hayo yalikuwa meno ya mbele ya ukubwani. Hakuna jino jingine lililongoja chini yake.

2. "Jino likiuma, dawa ni ruti kanali."
UONGO. Kiini cha jino kikiwa bado hai kwenye mizizi, daktari huondoa sehemu ya juu tu iliyoharibika, akaweka dawa na kufunika. Mizizi husafishwa yote kiini kikishakufa au kikiwa na usaha. Na kama jino limeoza kiasi cha kutojengeka, kung'oa ndiko sahihi. Uso ukivimba, homa ikipanda, au mtoto akishindwa kumeza au kufungua mdomo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

3. "Mashine husafisha vizuri kuliko mkono."
NUSU KWELI. Njia ya zamani ni tupa nyembamba za chuma zinazozungushwa kwa vidole. Rangi ya mpini hutaja unene: mweupe ni namba 15, wa manjano 20, mwekundu 25, yaani robo ya milimita kwenye ncha. Kijipete cha mpira kwenye tupa humwonyesha daktari mahali pa kusimama, kabla hajatoboa mwisho wa mzizi.

Mwaka 2000, Barr na wenzake nchini Marekani walieleza matumizi ya tupa za nikeli na titani zinazozungushwa kwa mashine katika meno ya utotoni. Baadaye zikaja fupi zilizotengenezwa mahususi kwa watoto, kama Kedo-S ya India. Tafiti nyingi zilizolinganisha njia hizi mbili zinaonyesha mashine huokoa muda, na muda ni kitu kikubwa kwa mtoto wa miaka minne aliyechoka kukaa mdomo wazi. Mara nyingi hata dawa ya kujazia hukaa vizuri zaidi. Lakini watoto wakifuatiliwa, meno yanayopona karibu yanalingana. Mashine nayo ina hatari yake: tupa huweza kukatikia ndani ya mzizi uliopinda.

4. "Tupa ndiyo inayomaliza vijidudu."
UONGO, na hapa ndipo penye siri yote. Mizizi ya magego ya utotoni imepinda, ina kuta nyembamba na vijia vya pembeni ambavyo tupa yoyote haivifikii. Tupa hufungua njia. Kinachoingia vichochoroni ni dawa ya kuoshea, mara nyingi sodiamu haipokloraiti, ya jamii moja na jiki. Ya daktari imepimwa, na kitambaa cha mpira huzuia isimwagike mdomoni. Usijaribu nyumbani kabisa.

5. "Kuna dawa ya kuweka tu, bila kusugua mizizi."
KWELI, kwa masharti. Mchanganyiko wa antibiotiki tatu ulibuniwa Chuo Kikuu cha Niigata, Japani. Mwongozo wa mwaka 2020 wa madaktari wa meno ya watoto wa Marekani unauweka kwa jino ambalo mizizi yake imeshaanza kuliwa na linahitajika kubaki muda usiozidi miezi 12. Mizizi ikiwa mizima, kusafisha ni bora. Mwongozo huo unashauri pia dawa za jamii ya tetrasaiklini ziachwe nje ya mchanganyiko huo.

6. "Hujazwa kama jino la mtu mzima."
UONGO. La mtu mzima hujazwa kwa utomvu mgumu usioyeyuka mwilini. La mtoto hujazwa kwa dawa laini inayoliwa pamoja na mzizi, ili jino la ukubwani lipate njia. Kisha gego hufunikwa, mara nyingi kwa kofia ya chuma. Likiachwa wazi au likizibwa ovyo, vijidudu hurudi na kazi yote imepotea.

Basi ukifika kwa daktari, muulize haya: eksirei inaonyesha mizizi iko hali gani? Itaoshwa kwa dawa gani? Jino litafunikwa lini na kwa kitu gani? Akikujibu vizuri, usimnyime mtoto matibabu kwa sababu tu hospitali haina mashine.