Makaa chini ya pori: leseni ya mazingira nayo ni mtaji

Mwekezaji anayefikiria kununua hisa za kampuni ya migodi kwa kawaida huuliza mambo matatu: mashapo ni kiasi gani, bei ya dunia ikoje, na mnunuzi ni nani. Swali la nne, la mazingira, huachiwa wanaharakati. Mradi mmoja wa makaa ya mawe nchini Australia umeonyesha kuwa swali hilo la nne laweza kuyafuta yale matatu yote.

Bimblebox ni hifadhi ya pori yenye takriban hekta 8,000, karibu na mji mdogo wa Alpha katika jimbo la Queensland. Mwaka 2000 wapenda uhifadhi walichanga fedha, serikali ya shirikisho ikawaongezea, wakalinunua shamba hilo la mifugo ili miti yake isifyekwe. Hata hivyo, kwa sheria za Queensland, hifadhi ya aina hiyo haizuii uchimbaji wa madini. Chini yake kuna makaa, na aliyeyataka ni Waratah Coal, kampuni ya tajiri Clive Palmer.

Kwa mfanyabiashara, mwanzo ulikuwa wa kuvutia. Februari 2010 upande wa Palmer ulitangaza mkataba wa kuiuzia China makaa tani milioni 30 kwa mwaka, kwa miaka 20, wenye thamani ya dola bilioni 60 za Marekani. Lakini Juni 2011 mpango wa kampuni yake ya Resourcehouse kuuza hisa katika soko la Hong Kong ulisitishwa. Mkataba ulibaki kwenye karatasi.

Wapinzani, wakiwemo vijana wa kikundi cha Youth Verdict, walikwenda Mahakama ya Ardhi. Hoja zao zilikuwa mbili: kuchimba chini ya hifadhi kungeifanya ardhi ititie na kuharibu pori, na makaa yenyewe, yakichomwa, yangetoa tani bilioni 1.58 za hewa ya ukaa. Kampuni ilijibu kwa hoja ambayo kila mwenye duka anaijua: nisipouza mimi, atauza jirani. Mahakama haikuikubali. Novemba 25, 2022, Rais wa mahakama hiyo, Fleur Kingham, alipendekeza maombi yakataliwe. Mwaka 2023 kampuni iliondoa pingamizi lake mahakamani, na Aprili idara ya mazingira ya jimbo ikakataa kutoa kibali.

Si kila mradi hufia hapo. Katika bonde hilo hilo la Galilee, mgodi wa Carmichael wa kampuni ya Adani ulipita, na shehena ya kwanza ilisafirishwa mwishoni mwa 2021. Lakini mgodi uliobuniwa kutoa hadi tani milioni 60 kwa mwaka ulianza kwa mpango wa tani milioni 10 tu. Mabenki mengi yalikuwa yamejitenga nao, na Novemba 2018 kampuni ikatangaza kuugharimia yenyewe.

Jambo hili haliko mbali nasi. Juni 26, 2019, Baraza la Rufaa la Mazingira la Kenya lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa cha Lamu, mradi wa dola bilioni 2, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwa mwekezaji mdogo, fundisho ni la kihesabu. Thamani ya mkataba si mapato, na tani zilizo ardhini si tani zilizo bandarini. Kabla ya kutoa fedha, soma waraka wa kampuni utafute mambo haya: Je, kibali cha mazingira kimetolewa au kimeombwa tu? Je, kuna kesi? Eneo limepakana na nini? Benki gani imeweka saini? Waraka usipojibu, mwenye kampuni aulizwe. Naye asipojibu, fedha zako zikae pale zilipo.