Mzazi, unakumbuka mwanao alizaliwa siku gani?

MUULIZE mzazi mwanawe alizaliwa mwaka gani, atakujibu papo hapo. Muulize ilikuwa siku gani ya juma, hapo ndipo huanza kukuna kichwa: "Nadhani Jumapili, maana mvua ilikuwa kubwa."

Kupiga hesabu ya umri ni mchezo mzuri wa jioni na watoto, na wakazi wa Pugu wana mfano wa nyumbani. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefundisha katika shule ambayo leo ni Pugu Sekondari, alizaliwa Aprili 13, 1922. TANU ilipoanzishwa Julai 7, 1954 na yeye kuwa rais wake, alikuwa bado mwalimu hapo. Je, alikuwa na umri gani?

Andika tarehe ya tukio juu na ya kuzaliwa chini, kisha utoe. Siku 7 haitoi 13, hivyo azima mwezi uliotangulia, yaani Juni wenye siku 30. Saba na 30 ni 37, toa 13, zinabaki 24. Miezi iliyobaki ni 6, toa 4, inabaki 2. Miaka ni 32. Jibu: miaka 32, miezi 2 na siku 24.

Siku aliyozaliwa Mwalimu ilikuwa Alhamisi. Alifariki Oktoba 14, 1999, nayo ilikuwa Alhamisi. Katikati yake zilipita siku 28,308, ambazo ni wiki 4,044 kamili.

Wazee wa pwani waliihifadhi siku ndani ya jina. Wa Alhamisi aliitwa Hamisi au Mwanahamisi, wa Ijumaa akawa Juma au Mwajuma. Na hapa kuna fumbo la kuwapa watoto: kwa nini juma letu lina "tano" mbili? Jumatano ni ya tano ukihesabu kuanzia Jumamosi, na Alhamisi inatokana na tano ya Kiarabu.

Lakini tarehe hiyo si ya mchezo tu. Chukua mtoto aliyezaliwa Jumanne, Machi 5, 2024. Chanjo za wiki ya 6 ni siku ya 42, yaani Aprili 16, nayo ni Jumanne. Wiki kamili daima huangukia siku ileile ya kuzaliwa. Anayehesabu "mwezi mmoja na nusu" kwa kukisia atafika Aprili 20. Ndiyo maana inayofuatwa ni tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Kuna na siku 90 za kumwandikisha mtoto ili apate cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto huyo zinaishia Juni 3. Zikipita, anaandikishwa kama aliyechelewa, na vielelezo vinavyotakiwa huongezeka.

Akifikisha miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho cha taifa, namba yake ya NIDA itaanza na tarehe ileile: 20240305. Kama cheti kinasema Machi na fomu ya shule inasema Mei, ni yeye atakayehangaika na viapo vya kurekebisha, wakati aliyekosea ni mtu mzima aliyejaza fomu kwa haraka.

Bibi naye asisahaulike. Huenda hana tarehe, ila anakumbuka kwamba Uhuru ulipopatikana, Desemba 9, 1961, alikuwa anabebwa mgongoni. Muulize mvua zilikuwa zipi na nani alimfuata kuzaliwa, kisha uandike. Akiondoka, hakuna mwingine wa kuulizwa.

Jumapili hii toa kadi ya kliniki, tangazo la kizazi, cheti na fomu za shule, uziweke mezani pamoja. Tarehe zote zisome sawa. Zisiposoma sawa, anza kurekebisha Jumatatu, mtoto angali mdogo.