Pedeli Inayofunguka: Hesabu ya Mpanda Baiskeli wa Tabora

Ndoo ya lita 20 iliyojaa asali haina kilo 20. Asali ni nzito kuliko maji, kwa hiyo ndoo hiyo inafika karibu kilo 28. Anayetoka nazo mbili msituni upande wa Sikonge kuja Tabora mjini ana kilo 56 nyuma yake, mbali na uzito wa mwili wake. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walibeba kila mmoja frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushei. Baiskeli moja leo inabeba mzigo wa wapagazi wawili, na kwenye kila mwinuko nguvu yote ya kuupandisha inapita kwenye gololi ndogo zenye upana wa milimita nne.

Watu wengi huangalia tairi na cheni, pedeli hukumbukwa ikianza kulia. Ikishalia, mwenye baiskeli ana njia tatu: aifungue mwenyewe nyumbani abadilishe gololi, ampelekee fundi chini ya mwembe, au aitupe anunue mpya. Ipi ina nafuu inategemea aina ya pedeli uliyonayo, na hapo ndipo wengi tunapoliwa.

Madukani kuna pedeli za namna tatu. Ya kwanza ni ya plastiki tupu. Baadhi yake hazina gololi hata moja ndani. Ekseli inazunguka ndani ya bushi ya plastiki, na bushi ikishalika hakuna cha kubadilisha. Ya pili ni ya chuma yenye mipira miwili mirefu ya kukanyagia, ile ya baiskeli nzito kama Phoenix na Avon. Ndani yake kuna koni, gololi pande mbili, washa na nati ya kufungia, na vyote vinafunguka. Ya tatu huja na baiskeli za mtumba. Hizo nyingine zina beringi nzima iliyofunikwa. Beringi hiyo ina namba iliyopigwa ubavuni, na usipopata yenye namba hiyohiyo, pedeli nzuri kabisa inabaki kuwa pambo. Kwa mtu wa mjini anayekwenda kazini Gongoni au Ng'ambo bila mzigo, ya mtumba inafaa na inaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Kwa mbeba mzigo wa vijijini siishauri, kwa sababu ya hiyo spea tu.

Tupige hesabu. Bei ninazotumia ni za mfano, weka za dukani kwako uone zinavyokaa. Tuseme pedeli za plastiki ni shilingi 6,000 kwa jozi, na chini ya mzigo wa asali au mkaa jozi inadumu miezi mitatu. Kwa miaka miwili utanunua jozi nane, shilingi 48,000. Pedeli za chuma tuseme ni 12,000. Kila baada ya miezi minne unazifungua, unaweka gololi mpya na grisi kwa shilingi 3,000. Miaka miwili ni mara sita, shilingi 18,000. Ongeza spana namba 15 kwa shilingi 5,000. Jumla ni 35,000, ikiwa koni zitakuwa bado nzima. Kazi hiyohiyo ukimpa fundi anayedai 3,000 za mkono kila mara, unaongeza 18,000 na kuondoa bei ya spana. Unarudi palepale: 48,000.

Kwa hiyo anayesema kwamba kutengeneza na kununua mpya ni mamoja hajakosea sana, kama kila mara anakwenda kwa fundi. Nafuu iko mikononi mwako mwenyewe. Na kuna gharama nyingine ambayo hesabu hiyo haijaigusa, nayo ndiyo inayoniuma ninapoona pedeli ikiyumba barabarani: krenki, ule mkono wa chuma unaoshika pedeli.

Pedeli iliyolegea kwenye krenki haikai kimya. Kila unapokanyaga, ekseli inatikisika na kutafuna nyuzi za tundu ilimofungwa. Krenki za chuma za baiskeli nzito huvumilia kidogo. Zile za aluminiamu za baiskeli za mtumba nyuzi zake huisha upesi, na zikiisha hakuna pedeli itakayoshika tena. Hapo unanunua krenki, na kwa zile za kizamani pengine na kotapini yake, ile pini inayoibana, kwa sababu ya kulegea ambako spana ingemaliza kwa dakika moja. Gololi nazo zikikwama kabisa kwa kutu, pedeli inaanza kujifungua yenyewe kadiri unavyokanyaga, hadi inachomoka na mguu. Ukiwa na kilo 56 nyuma, kwenye mteremko, hilo ni jambo la hospitali.

Kazi yenyewe haitishi. Anza kwa kuangalia herufi zilizopigwa kwenye ekseli, L kwa kushoto na R kwa kulia. Pedeli ya kulia hufunguka kama nati yoyote. Ya kushoto ni kinyume: unaizungushia upande ambao kwa kawaida ungekuwa unakaza. Nyuzi zimekatwa hivyo makusudi ili mzunguko wa miguu usiifungue njiani. Asiyejua hilo huikaza kwa nguvu zake zote akidhani anafungua, na krenki nyingi za kushoto huharibikia hapo.

Tandika kitambaa cheupe chini kabla ya kufungua chochote, maana gololi ikidondoka kwenye mchanga wa Tabora imekwenda. Toa kifuniko cha nje, fungua nati, toa washa, kisha zungusha koni taratibu huku umeshika ekseli isichomoke. Hesabu gololi za kila upande peke yake. Mara nyingi huwa 10 hadi 13, na upande wa ndani unaweza kutofautiana na wa nje. Osha vyote kwa mafuta ya taa, kausha, halafu tazama koni kwenye mwanga wa jua. Ikiwa njia ya gololi ni laini na inang'aa, umepona. Ukiona vishimo kama ngozi iliyopona ndui, pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, gololi mpya hazitasaidia. Koni na ekseli za pedeli za chuma huweza kupatikana kama spea. Kikombe cha gololi kilichobanwa ndani ya pedeli kikishachimbika, hapo ndipo kununua jozi mpya kunapokuwa ndiyo nafuu, na usione haya kuitupa ya zamani.

Gololi badilisha zote kwa pamoja. Zilizotumika zimepungua kidogo kwa kusagika, jicho halioni, lakini ukizichanganya na mpya, mpya ndizo zitakazobeba mzigo peke yake. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, alitengeneza mashine ya kusaga gololi za chuma zikawa duara kamili na za ukubwa mmoja, na gololi za bei nafuu zinazouzwa leo zinatokana na kazi hiyo. Usawa huo ndio unaoununua. Nenda dukani na gololi moja ya zamani mkononi, kwa sababu za habu ya mbele ni kubwa zaidi na za nyuma ni kubwa zaidi ya hizo.

Kuhusu kilainishi, wengi humwagia oili chafu ya pikipiki kwa kuwa ni ya bure. Inanyamazisha kelele siku chache, kisha inavuta vumbi la kiangazi hadi ndani na kulifanya uji wa kusagia chuma. Grisi ya kawaida ya gereji inashika gololi mahali pake na kuzuia maji. Kopo dogo mkilinunua majirani watatu mtalitumia muda mrefu, na spana vilevile.

Panga gololi juu ya grisi, rudisha ekseli, kaza koni kwa vidole hadi iguse, irudishe kidogo sana, weka washa, kaza nati. Pedeli izunguke bila kukwaruza na isicheze ukiitikisa. Mara ya kwanza utairudia mara mbili au tatu. Kabla ya kuifunga kwenye krenki paka nyuzi grisi kidogo, na uanze kuikaza kwa mkono, usianze na spana.

Fundi bado ana nafasi yake. Pedeli iliyoshikana na krenki kwa kutu, au nyuzi zilizoanza kuharibika, mpelekee yeye, mwenye bomba la kurefusha spana na uzoefu wa kujua wapi pa kuacha kulazimisha. Kubadilisha gololi pekee si lazima umpelekee.

Ukienda kununua, chukua pedeli ya zamani, kwa maana baiskeli za watoto na zenye krenki ya kipande kimoja hutumia ekseli ya nusu inchi, ilhali nyingi nyingine ni inchi 9/16. Mwombe muuzaji akutolee kifuniko cha mwisho kabla hujalipa. Ukiona nati na washa ndani, hiyo inafunguka, na hata bei yake ikizidi ya pedeli iliyo jirani yake kwa elfu tano, ichukue. Na ufanye kazi hii Oktoba, wakati vumbi lote la kiangazi limo ndani na mvua za Novemba hazijaligeuza tope.