Kamera ya maegesho

Kamera ya maegesho ni kamera ya gari inayoendelea kufanya kazi wakati gari limeegeshwa na injini imezimwa. Kwa kawaida hufungwa kwenye kioo cha mbele, na mara nyingi ya pili hufungwa kwenye kioo cha nyuma. Kazi yake ni kuhifadhi picha za aliyegonga, kukwaruza au kuvunja gari wakati mwenyewe hayupo. Haizuii wizi kama kufuli. Ni shahidi tu, na ushahidi wake hutegemea umeme, kadi ya kumbukumbu, joto na saa.

Historia

Polisi wa Marekani walianza kufunga kamera katika baadhi ya magari ya doria miaka ya 1980. Kamera ndogo za dijitali zilipopatikana, zilienea kwa madereva wa kawaida, hasa nchini Urusi. Kimondo kilipopasuka juu ya eneo la Chelyabinsk tarehe 15 Februari 2013, picha nyingi zilizoonekana duniani zilitoka katika kamera za magari. Mwaka 2019 kampuni ya Tesla ilianza kutumia kamera zilizomo katika magari yake kuyalinda yakiwa yameegeshwa.

Katika Afrika Mashariki magari mengi ya watu binafsi huagizwa yakiwa yameshatumika Japani, na baadhi hufika na kamera zake.

Namna inavyofanya kazi

Kuna njia tatu za kurekodi:

1. Kwa mtikisiko: kihisi huamsha kamera gari linapogongwa au kusukumwa.
2. Kwa mwendo: kamera hurekodi kitu kinapopita mbele yake.
3. Kwa mfululizo: kamera hurekodi muda wote, pengine kwa picha chache kila sekunde ili kuokoa nafasi.

Njia ya kwanza hutumia umeme kidogo zaidi, lakini inaweza kukosa mtu anayefungua taa au kioo cha pembeni taratibu. Njia ya pili humwona mtu huyo akipita mbele ya kamera, ila huamshwa pia na mbuzi, matawi na wapita njia.

Umeme wa betri

Injini ikizimwa, kamera hula umeme wa betri ya gari. Mfano mzuri ni Mkoani, mji wa kusini-magharibi mwa kisiwa cha Pemba wenye bandari ya boti za abiria za Unguja. Msafiri kutoka Chake Chake, umbali wa kilomita 30 hivi, anaweza kuacha gari karibu na bandari na kurudi baada ya siku tatu. Kamera yake ikitumia ampea 0.3 mfululizo, kwa saa 24 itatumia ampea-saa 7.2, na kwa siku tatu 21.6. Kwa betri ya ampea-saa 45, hiyo ni karibu nusu ya umeme wote. Betri iliyochakaa huenda isiwashe gari atakaporudi.

Kwa sababu hiyo kamera huunganishwa kupitia kifaa kinachokata umeme betri ikishuka hadi kiwango kilichopangwa, kwa mfano volti 12. Kifaa hicho huokoa betri, lakini tangu hapo gari halina shahidi tena. Kwa safari ya siku kadhaa inafaa kuchagua njia ya mtikisiko au kutumia betri ya pekee kwa ajili ya kamera.

Kadi ya kumbukumbu

Kadi ikijaa, kamera hufuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake. Kamera inayotumia gigabaiti 7 kwa saa hujaza kadi ya gigabaiti 64 kwa takriban saa 9. Ikirekodi mfululizo kwa siku tatu, tukio la usiku wa kwanza litakuwa limefutika. Kamera nyingi hufunga faili za mtikisiko zisifutwe, lakini nafasi ya faili hizo nayo ina mwisho.

Joto

Dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kupita nyuzi 60 za selsiasi. Betri ya lithiamu iliyomo ndani ya kamera inaweza kuvimba kwa joto hilo. Kamera zinazotumia kapasita badala ya betri huvumilia zaidi. Kuegesha kivulini husaidia.

Saa na tarehe

Japani iko saa 6 mbele ya Afrika Mashariki. Kamera iliyoachwa na saa ya Japani itaandika tukio la saa 2:15 usiku (20:15) wa tarehe 4 kuwa ni 02:15 ya tarehe 5. Aliyezoea hesabu ya saa ya Kiswahili anaweza kusoma 02:15 akaona saa iko sawa, kumbe tarehe imesogea siku nzima. Mwingine ataisoma kuwa ni saa 8 usiku. Kosa hilo linaweza kuharibu ushahidi mzuri, hivyo saa irekebishwe kabla ya kamera kutumika.

Ushahidi na faragha

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Katika kuupima, mahakama huangalia namna ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Baada ya tukio, kadi itolewe mara moja, nakala ifanywe bila kukatwa wala kuhaririwa, na kadi yenyewe itunzwe kwa ajili ya polisi.

Kamera hiyohiyo hurekodi pia majirani na wapita njia wasio na kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nchini Ujerumani, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2018 kwamba picha za kamera ya gari zinaweza kupokewa katika kesi ya madai, ingawa kurekodi barabara muda wote kunavunja sheria ya faragha. Mtu anayekusudia kutafuta haki huzipeleka picha polisi au kwa kampuni ya bima; kuzisambaza katika mitandao ya kijamii kunaweza kumchafua asiyehusika.