Lita Nyingi, Samli Kidogo

Napika samli Buhongwa, Mwanza, na maziwa yangu yanatoka Usagara na Misungwi. Maziwa ya ng'ombe wetu wa Kisukuma, yule zebu mfupi mwenye nundu, yakilala usiku yanafunga utando mzito wa mafuta. Ya chotara wa Friesian utando wake mwembamba, na mwenye ng'ombe huanza kujitetea kabla sijasema: "Mama, sijatia maji, haki ya Mungu!" Mara nyingi anasema kweli. Friesian kwa kawaida hutoa mafuta asilimia 3.5 hadi 4. Jersey hukaribia 5, na zebu wetu hufika hapo pia.

Ng'ombe huzaliwa na tofauti hiyo. Jeni zinazohusika ni nyingi, ila moja, DGAT1, ina nguvu ya pekee: hutengeneza kimeng'enya kinachokamilisha uundaji wa mafuta kwenye kiwele. Mwaka 2002 watafiti wa Ubelgiji na wenzao walionyesha kuwa jeni hiyo ina sura mbili. Moja huongeza mafuta na kupunguza wingi wa maziwa. Nyingine hufanya kinyume. Zebu karibu wote wana ile ya mafuta. Kwa Friesian utazikuta zote mbili.

Basi naumia mfugaji anapomwita mhamilishaji amletee mbegu ya dume na kuuliza lita tu. Dume halikamuliwi, lakini maziwa ya binti zake hupimwa, na dume lililopimwa hivyo huwa na rekodi ya mafuta. Iombe! Asilimia ya mafuta hurithiwa kwa nguvu kuliko wingi wa maziwa. Karibu nusu ya tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe ni ya urithi.

Simwambii mtu abaki na zebu peke yake. Lita 2 zenye asilimia 5 ni kama gramu 100 za mafuta. Chotara wa Friesian mwenye lita 10 za asilimia 3.6 anatoa 360. Chotara wa Jersey mwenye lita 8 za asilimia 5 anatoa 400, na kwa umbo lake dogo hamalizi majani, jambo kubwa kwetu kiangazi kikikaza.

Majani yenyewe usiyapunje. Pumba zikizidi, mafuta hushuka hata kwa Jersey. Tena kamua hadi mwisho, maana maziwa ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi.

Siku hizi maziwa yenye utando mzito nayalipia zaidi, na baadhi ya wafugaji wangu wa Usagara wameanza kuagiza mbegu ya Jersey.